Mwaka Serikali Ilipotuuliza

Mwezi uliopita, tulipomzika mume wangu Musembi, D.O., yaani afisa wa tarafa, wa siku hizi alikuja na gari lake, akasimama kando ya kaburi na kutuambia kwamba marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu wa serikali. Ni kijana mwenye adabu, na vumbi letu lilikuwa limemjaa viatuni. Simlaumu, alisoma alichoandikiwa. Lakini niliwaona wazee wakigeukiana, na mmoja wao akakohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Baada ya watu kula, mzee huyo alikuja akakaa karibu nami, sahani yake bado mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kalunde, sasa amekwenda. Hakuna wa kuudhika tena. Tuambie, alikiuza kilima au hakukiuza?" Nilimwambia amalize chakula chake kwanza. Alimaliza, akanitazama tena, nikaichukua sahani, akaenda zake. Mjukuu wangu aliyesikia maneno hayo amenisumbua tangu siku hiyo, na ndiye anayeniandikia haya. Nimemwambia nitamweleza ule mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Jibu alilolitaka yule mzee sina hakika kama ninalo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Musembi alikuwa mkalimani katika boma dogo la serikali, upande wa kusini wa Kitui, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ikutha. Boma lenyewe sasa halipo, mawe yake watu walijengea mazizi. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili yenye ukuta wa udongo na paa la mabati. Jua likipanda mabati yalilia kama mtu anayevunja vijiti. Chumba cha mbele kilikuwa na meza na benchi, cha nyuma kitanda cha kamba na sanduku la Musembi, na ukuta wa chumba cha nyuma ndio ulikuwa ukuta wa jirani yetu, askari wa boma na mkewe Mbula. Kwa hiyo nilijua mambo yote ya Mbula, na Mbula alijua yangu yote. Juu kidogo, penye upepo, palikuwa na ofisi, bendera, chumba cha mahabusu, na nyumba ya Bwana mwenyewe, Mzungu mkuu wa boma, yenye baraza pana. Watu walimwita Bwana Polepole, kwa sababu alizungumza kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. Kikamba, ilijulikana kote, alikuwa hajui hata salamu. Kiswahili alikuwa nacho kile cha mabwana, cha "leta" na "hapana taka". Mambo makubwa aliyasema kwa Kiingereza, na Musembi akayageuza.

Kabla ya kuolewa nilidhani serikali ni mtu mmoja. Kwetu, chini ya kilima cha Kyanzou, tulisema "serikali imekataa", "serikali imekasirika", kama unavyosema juu ya baba mkwe. Ni Musembi aliyenieleza, jioni moja nikipepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi mlangoni. Alichukua vijiti akavipanga chini. Huyu wa juu kabisa ni Gavana, yuko Nairobi, na yeye naye ana wakubwa wake ng'ambo. Chini yake kuna P.C., mkuu wa mkoa. Chini ya P.C. kuna D.C., mkuu wa wilaya, aliyeko Kitui mjini. Chini ya D.C. kuna D.O., ndiye Bwana Polepole wetu. Halafu chifu, halafu wazee wa vijiji, halafu watu. Amri huteremka kutoka kijiti hadi kijiti, na habari hupanda vivyo hivyo, na hakuna anayeruhusiwa kuruka kijiti.

"Na wewe uko wapi hapo?" nilimwuliza.

Akaweka kidole chake kati ya D.O. na chifu, mahali pasipokuwa na kijiti. "Hapa," akasema. Nilicheka, yeye hakucheka.

Niliona baadaye kwamba hata mikutano ya baraza ilipangwa hivyo. Bwana alikalia kiti chenye mikono, chifu kiti cha kukunja, wazee wa vijiji benchi, na watu walikaa chini. Mkalimani alisimama muda wote. Kila aliyekuwapo alimtazama yeye, kwa kuwa maneno yalitoka kwake, na hakuna aliyemwamini, kwa kuwa hayakuwa yake.

Mambo yalianza kubadilika wakati wa kiangazi, walipokuja Wazungu wawili wageni wakapanda kilima cha Kyanzou wakipima na kuchimba vishimo. Mara uvumi ukaenea kwamba kilima kitafungwa, ng'ombe wasipande tena, miti ipumzike. Kwa mtu wa mbali kilima ni kilima tu. Kwetu pale juu ndipo palipokuwa na chemchemi ambayo haikauki, na kiangazi kikikaza, mifugo ya vijiji vyote vya chini ilikunywa huko. Ukifunga Kyanzou umemwambia mama yangu auze ng'ombe wake au awaangalie wakifa.

Kaka yangu Kilonzo alikuja bomani siku chache baadaye. Alikaa kwenye benchi letu, akala isyo, mahindi na maharagwe, bakuli mbili, kisha akamgeukia Musembi. "Shemeji, sisi si wageni kwako. Wanataka nini na kilima chetu?"

"Sijui," Musembi alijibu.

"Maneno yao yote yanapita mdomoni mwako, na hujui?"

"Yakipita ndipo nitajua. Na yakiwa ya ofisini, Kilonzo, nimeapishwa. Siwezi kuyaleta hapa mezani."

Kaka yangu alinitazama mimi badala yake. Nikainuka nikaenda kuongeza kuni ambazo moto haukuzihitaji. Alipoondoka hakuniaga vizuri. Tangu siku hiyo nilianza kumtazama mume wangu kama unavyomtazama mtu uliyemkuta ndani ya nyumba yako.

Na palikuwa na mengi ya kutazama. Chifu wetu, Mulatya, mtu mnene mwenye kicheko cha ghafla, alizoea kupita kwetu akienda ofisini. Sasa alianza kuja hata siku ambazo hakuwa na shughuli ofisini. Mara aje na kitete, kibuyu kidogo, cha asali, mara na paja la mbuzi. Nilipika, wakala, na nilipoingia na maji ya kunawa mazungumzo yalikatika. Watu wakinong'onezana nyuma ya ukuta wa udongo, unasikia sauti, husikii maneno. Siku moja tu nilisikia sentensi nzima, ya chifu: "Kikishafungwa, kijana wangu, lazima mtu apewe kibali cha kukitunza, na anayetunza hawezi kukatazwa ng'ombe wake wanywe." Nikangoja jibu la Musembi. Nilisikia akitafuna tu.

Mbula alinijia kwenye mawe ya kusagia siku iliyofuata. "Ile asali ilikuwa tamu?" aliniuliza. "Mimi nisingeila. Mume wangu anasema kilima kimeshagawanywa, chifu upande huu, mkalimani upande ule. Na wewe mtoto wa Kyanzou unawapikia." Nilimwambia mume wake anasema mengi kwa mtu anayelinda mlango tu. Lakini maneno yake yalinikaa. Jioni hiyo nilimwuliza Musembi waziwazi ni nani hasa anayetaka kilima kifungwe. Alijibu kama mtu anayesoma: chifu anasema ni Bwana Polepole; Bwana Polepole anasema ni D.C.; D.C. anasema ni P.C.; na P.C. bila shaka anasema ni Nairobi.

"Na huyo wa Nairobi ameiona Kyanzou?"

"Hapana."

"Basi ni nani anayeijua Kyanzou kati ya hao wote?"

"Chifu anaijua," akasema. "Na mimi." Akajilaza akageukia ukutani, nami nikabaki na hilo jibu, nikilipindua huku na huku, na kila upande lilinuka vibaya.

Siku ya baraza watu walijaa kuliko nilivyowahi kuona. Wanawake tulikaa pembeni, na mama yangu alikuwa miongoni mwao, hakunisogelea. Bwana Polepole alisimama akazungumza Kiingereza, na siku hiyo, ajabu, hakuzungumza polepole. Alizungumza kwa haraka na kwa muda mrefu, macho yake juu ya vichwa vyetu, kama mtu anayetaka kumaliza. Chifu Mulatya alikuwa akitikisa kichwa kukubali, ingawa Kiingereza hakukijua. Kisha Bwana akanyamaza, na Musembi akafungua mdomo. Kikamba chake kilikuwa kifupi mno. Alisema, "Serikali inauliza kama mnakubali kilima cha Kyanzou kifungwe. Asiyekubali asimame aseme."

Hakuna aliyesimama. Hakuna hata aliyenong'ona. Serikali ilikuwa imetuambia mambo mengi tangu nizaliwe, ilikuwa haijatuuliza kitu. Wazee walitazamana kama watu waliowekewa nyama na jirani ambaye hawasemezani naye. Chifu aligeuza shingo yake nene akamkodolea macho Musembi. Bwana Polepole alikuwa akipangusa miwani yake. Nikamwona kaka yangu Kilonzo akiinuka, taratibu, kama anayetarajia kupigwa. "Kama kweli tunaulizwa," alisema, "hatukubali." Ndipo wengine wakaanza kuinuka, huyu na huyu, mpaka aliyebaki chini alikuwa mgonjwa au mtoto. Musembi alisema maneno machache ya Kiingereza. Bwana alivaa miwani, akaandika, akasema "Vizuri" kwa Kiswahili, na baraza likavunjika.

Mtadhani watu walifurahi. Walirudi nyumbani na hofu kubwa kuliko waliyokuja nayo. Siku zilizofuata ilisemekana kwamba tumeulizwa ili wanaokataa wajulikane kwa sura, na kwamba Musembi ndiye aliyekuwa akihesabu nyuso. Wengine walianza kupeleka ng'ombe wao kwa ndugu zao upande wa Mutomo, bila ya mtu yeyote kuwafukuza. Nami nilimwekea mume wangu chakula nikamwuliza, "Yule mtu alisema maneno ya nusu asubuhi. Wewe umesema ya pumzi moja. Mengine umeyapeleka wapi?"

"Nimesema nilichosikia," alijibu. Hakumaliza chakula.

Chifu Mulatya hakuja tena na asali. Alifanya jambo ambalo chifu hafanyi. Alipanda lori la mfanyabiashara akaenda Kitui, akamshtaki mkalimani kwa D.C., akimruka Bwana Polepole kabisa. Mvua za kwanza zilipokatika, tukaambiwa kwamba wakubwa wanakuja, D.C. pamoja na P.C. mwenyewe, ambaye alikuwa katika safari ya kukagua mkoa. Mpishi wa Bwana alikuwa na homa, kwa hiyo mimi na Mbula tuliitwa kupika. Jiko lilikuwa nyuma ya baraza ya nyumba ile, na kati yake na baraza palikuwa na dirisha lisilo na kioo.

Nakumbuka vizuri nilivyokuwa nikinyonyoa kuku wa pili, mikono imejaa manyoya. Nikamwambia Mbula kwa Kikamba, "Hawa kuku wataliwa na watu waliokuja kutumaliza." Sauti ya mwanamume nyuma yangu ikajibu, kwa Kikamba kilichonyooka, Kikamba cha mtu aliyejifunza kutoka kwa wanawake wazee, "Wape wale kwanza, Kalunde. Wakishiba wanapungua ukali." Niligeuka. Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Polepole, kikombe mkononi, amekuja kutafuta maji ya moto. Alimimina maji yake mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja, akatoka. Kuku alinidondoka. Miezi yote ile tulikuwa tumesema mbele ya mtu yule kila kitu tulichotaka, juu ya mwendo wake, juu ya pua yake, na alikuwa ametazama mbali kama jiwe. Na siku ya baraza alisikia kila neno alilolisema Musembi.

Hatukupata muda wa kusemezana, kwa sababu barazani walikuwa wameanza. P.C. alitaka chifu afuate mambo, kwa hiyo waliulizana kwa Kiswahili. Chifu alieleza kwamba Bwana Polepole mwenyewe alimwambia, kabla ya baraza, kwamba kufungwa kwa kilima ni amri, si swali. P.C. akamwuliza Bwana Polepole kama ni kweli.

"Kweli. Mimi nilisema amri."

"Na watu waliambiwa nini?"

"Mkalimani aligeuza maneno yangu. Mimi hapana jua. Mimi hapana sikia Kikamba."

Mbula alinishika mkono kwa nguvu. Nilingoja Musembi aseme kitu. Nilimwona kwa pembeni ya dirisha, amesimama, mikono nyuma. P.C. hakumwuliza hata neno moja. Aliwauliza wenzake jibu la watu lilikwenda wapi. Bwana Polepole akasema alilipeleka kwa D.C. D.C. akasema alilipeleka kwa P.C., kama ipasavyo. Nikasikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe. Hatimaye P.C. akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwaruzwa, "Na mimi nilituma Nairobi." Kuanzia hapo wakazungumza Kiingereza, na chifu akabaki akigeuza kichwa kutoka mdomo hadi mdomo kama sisi siku zote. Waliporudi kwenye Kiswahili ilikuwa ni kwa ufupi. Jibu limekwisha kwenda juu, halirudi. Kilima kikae kama kilivyo. Chifu asiende tena Kitui bila ruhusa ya Bwana wake. Mkalimani aache kazi leo. Halafu wakaomba chakula, nasi tukawapelekea wale kuku.

Njiani kurudi nilimwambia Mbula tutakwenda kusema tulichosikia. Alisimama. Hakuwa na ukali wala mzaha aliouzoea. "Kalunde, mume wangu bado ana kazi," akasema. "Mimi sikusikia kitu. Na wewe ukisema ulisikia, nitasema ulikuwa peke yako." Sikumchukia. Niliona tu kwamba hata jikoni palikuwa na mkubwa na mdogo, na kila mmoja alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.

Musembi alikuwa akifunga sanduku nilipoingia. Nilimweleza yote, Kikamba cha Bwana, maji ya moto, uongo wa barazani. Hakushtuka. "Najua anakijua," alisema. "Nimejua tangu mwezi wangu wa pili hapa bomani. Ukimtania mtu mbele yake, masikio yake hubadilika rangi."

"Basi kwa nini hukusema?"

Alikaa juu ya sanduku. Akaniambia kwamba siku moja kabla ya baraza, Bwana Polepole alimwita ofisini, akazungumza juu ya hali ya hewa, kisha akamwambia: kesho nitasema maneno mengi na kwa haraka, sitashangaa kama hutayashika yote. Ni hayo tu. Hakusema geuza, hakusema uliza. "Ningesema nini mbele ya P.C., Kalunde? Kwamba aliniambia hatashangaa?"

Nilitaka kumwamini, na karibu niamini. Lakini nilikuwa nimekaa miezi mingi katika nyumba ile. Nikajiuliza kama Bwana Polepole alituhurumia, au aliogopa tu vurugu za ng'ombe katika sehemu yake kabla hajapandishwa cheo, maana alipandishwa, na upesi. Nikajiuliza pia kama Musembi alikuwa kweli amekataa asali ya chifu, au alikuwa ameila kwanza, kisha akaona upande wa pili ndio wenye nguvu. Alisoma mawazo yangu usoni. Hakujitetea. Alivua koti la serikali, akalikunja vizuri, na askari, mume wa Mbula, akaja kulichukua na kukagua sanduku letu mpaka chini.

Tulihamia Kyanzou, kwetu, kwa kuwa hatukuwa na pengine pa karibu. Mama alinipokea mimi. Kilonzo alimwonyesha shemeji yake mahali pa kujenga, mbali kidogo na wengine. Pale vijijini habari ilikuwa imeshakubaliwa: mkalimani alifukuzwa kwa sababu alishindwa kukiuza kilima. Nilipojaribu kueleza niliyoyasikia jikoni waliniuliza ni nani mwingine aliyesikia, nami nikawa sina jina la kutaja. Watu walimpa Musembi jina la Serikali. Akifika kwenye chemchemi na ndama wake wawili, mazungumzo yalikatika, kama yalivyokatika mimi nilipoingia na maji ya kunawa. Alinywesha, akarudi nyumbani, akala, akalala. Hakumlalamikia mtu. Ukimya wake nao wakausema, kwamba mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Kisha mwishoni mwa mwaka ule Bwana mpya alikuja Kyanzou, na mkalimani mpya, kijana kutoka mbali aliyesema Kikamba cha kwao. Tuliitwa sote chini ya kilima. Bwana alizungumza Kiingereza kwa muda mrefu. Yule kijana akageuza: serikali itajenga barabara kupita hapa, ni kwa faida yetu, tuishukuru. Akamaliza. Hakuna aliyeshukuru. Nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Mzee mmoja aligeuza kichwa, si kumtazama Bwana wala mkalimani, bali nyuma, mahali Musembi alipokuwa ameketi peke yake. Mwingine akageuka, halafu mwingine. Mama yangu akageuka. Watu wale wale ambao hawakumpa salamu walikuwa wakiutafuta uso wake.

Kilonzo alimsogelea, akainama, bila kumtazama machoni. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "ndivyo alivyosema?"

Musembi alimtazama yule kijana mkalimani. "Nusu," akasema.

"Na nusu nyingine?"

Wakamzunguka, mabega kwa mabega, mpaka nikabaki nimesimama nje ya duara. Nikapenya nikafika karibu. Mume wangu alianza kuwaambia kwa sauti ndogo, Kikamba chake kifupi kile kile, ni mashamba ya nani barabara ingepita na ni akina nani wangeitwa kuichimba, nao walisikiliza kila neno vinywa wazi. Nami, nisiyejua Kiingereza, nilisikiliza pamoja nao, nikimtazama mdomo.